Mpime Dubu Kwanza

Kabla hujatafuta chuo, kabla hujaulizia ada, tafuta dubu. Awe mdogo wa kuingia mfukoni, awe na masikio mawili yaliyosimama, na awe wa mpira ili aoshwe kwa dawa baada ya kila mgonjwa, maana dubu wa manyoya hubeba mafua ya mtaa mzima. Mtoto wa miaka miwili akikaa mapajani mwa mama yake, amekunja uso, amekwisha kuamua kwamba umekuja kumdhuru, usimguse. Mtazame dubu sikio la kushoto. Mtazame la kulia. Mpongeze kwa utulivu wake. Halafu mtazame mama sikio, na mama atulie kama dubu. Ukifika hapo, mara nyingi mtoto mwenyewe huinamisha kichwa, maana hataki kurukwa zamu.

Nayasema haya kwa moyo wangu wote. Nimesoma famakolojia, nimekariri vipimo vya dawa hadi nikaviota, na bado asubuhi nyingi dubu ndiye anayeamua kama nitaona kiwambo cha sikio au nitaishia kuona koo lililopanuka kwa kilio. Mgonjwa wako hasemi. Au anasema, lakini kila kinachouma kwake ni tumbo, hata koo, hata goti. Mafunzo yote nitakayoyaeleza, pamoja na gharama zake na mikesha yake, yana shabaha moja: umsome asiyesema, na umsikilize vizuri anayesema kwa niaba yake.

Kazi yenyewe haina jina lililotulia katika Kiswahili. Hapa Texas huiita kwa herufi mbili tu, NP. Mimi nikiulizwa nyumbani Tanga hujibu kwamba ni muuguzi tabibu wa watoto, na wakitaka zaidi huwaambia hivi: ni muuguzi aliyerudi shule hadi akaruhusiwa kumchunguza mtoto, kutaja ugonjwa, kuandika dawa, kuagiza vipimo, na kumfuatilia mtoto huyo huyo tangu siku ya tatu ya maisha yake mpaka anatimiza miaka 21. Kwetu ungemweka jirani na tabibu wa kituo cha afya, ila huyu shina lake ni uuguzi. Wapo wanaosomea watoto mahututi wa hospitalini. Mwongozo huu ni wa wale wa kliniki, wanaomwona mtoto akiwa mzima ili abaki mzima.

Na ujue historia yake, maana utaulizwa kwa nini usiwe daktari tu. Loretta Ford alikuwa muuguzi wa afya ya jamii katika jimbo la Colorado. Aliona watoto wa vijijini wanakua bila kuonwa na daktari, na aliona pia kwamba wauguzi waliokuwa wakiwapima walijua mengi kuliko waliyoruhusiwa kufanya. Mwaka 1965 yeye na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kwanza ya aina hii katika Chuo Kikuu cha Colorado. Leo Marekani ina wauguzi tabibu wa wazee, wa akina mama, wa afya ya akili, wa familia nzima, lakini mzaliwa wa kwanza ni wa watoto. Ford alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104. Anayekuuliza kwa nini si daktari mwambie kwamba kazi hii ilizaliwa kliniki ya kijijini, kama zile tulikopangishwa foleni na mama zetu tukiwa na kadi mkononi.

Wengi wetu safari huanza mbali kabla ya chuo. Mimi nilikuja na cheti cha uuguzi na miaka minne ya zahanati Korogwe, nikakuta vyote viwili lazima vikaguliwe karatasi kwa karatasi kabla sijaruhusiwa hata kukalia mtihani. Huku nikisubiri nilibeba boksi kama Watanzania wote: usiku nilikuwa nyumba ya kutunzia wazee, nikiwageuza, nikiwaosha, nikiwalisha. Usiuhesabu muda huo kuwa umepotea. Palikuwa na mzee aliyepooza, hawezi kusema wapi panamuuma. Nilijifunza kumsoma kwa jasho la kwenye paji la uso, kwa mkono unaokaza shuka, kwa kijiko cha uji anachokikataa leo na jana alikipokea. Miaka sita baadaye niliwekewa mbele kichanga cha wiki mbili, nikagundua kwamba yule mzee alikwisha kunifundisha pa kutazama.

Mtihani wa leseni ya uuguzi ndio lango la kwanza. Ni wa kompyuta, maswali kati ya 85 na 150, na mashine hukuongezea ugumu kadiri unavyopatia, kisha hujizima ikiridhika. Ikijizima mapema usilie na usishangilie, nenda nyumbani ukalale. Baada ya hapo ni shahada ya kwanza ya uuguzi kama hunayo, halafu ya uzamili au ya udaktari wa uuguzi. Kigezo cha kitaifa kilichotolewa 2022 kinadai saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa ana kwa ana. Wenzako watakushauri usome familia nzima badala ya watoto peke yao, kwa kuwa ajira ni nyingi zaidi, na kwa upande wa ajira wanasema kweli. Mimi nasema kaa saa moja katika chumba cha kusubiria kliniki ya watoto siku ya Jumatatu ya Januari, wakati kila pua inatiririka na kila mtu analia. Ukitoka humo bado unataka kurudi, achana na ushauri wao.

Jambo moja linaniuma, nami nitalisema wazi. Vyuo vingi hukuachia wewe mwenyewe kutafuta wa kukusimamia katika saa hizo 750. Unalipa ada kamili, kisha unazunguka na barua kama muuza mitumba. Niliandika barua pepe arobaini na moja, nikajibiwa tatu, zote za kukataa. Kwa hiyo usiandike, nenda kwa miguu. Nenda kliniki saa ya chakula cha mchana, vaa vizuri, beba cheti cha chanjo zako na ratiba ya chuo vikiwa vimechapishwa, na umwone msimamizi wa ofisi kabla ya daktari, kwa sababu yeye ndiye mwenye kalenda. Mwambie unazungumza Kiswahili. Fort Worth na miji mingine ya Texas imepokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, na kliniki inayowahudumia kwa mkalimani wa simu itakufungulia mlango kwa sentensi hiyo moja. Mimi ndivyo nilivyopokelewa. Kuhusu mkopo, ukiwa raia kuna mpango wa serikali kuu unaolipa sehemu ya deni la wanaokubali kufanya kazi miaka miwili mahali penye upungufu. Uulizie mapema, kabla deni halijawa mlima.

Ukifika somo la dawa, shukuru kwamba umekulia kwenye kilo. Mizani ya kuning'inia ya kliniki zetu, ile ya kumvisha mtoto kaptula ya turubai akabaki anabembea huku akipiga mayowe, husoma kilo. Hapa mama atakwambia mtoto ana pauni 22, na mkono ukiteleza kwenye kompyuta zinaingia kama kilo 22. Pauni 22 ni kilo 10. Mtoto wa kilo 10 mwenye maambukizi ya sikio la kati, akipewa amoksilini kwa kiwango cha miligramu 90 kwa kila kilo kwa siku, anahitaji miligramu 900, zigawanywe mara mbili. Ukimhesabu kwa 22 umemwandikia 1,980. Fanya hivi kila mara, hata ukiwa na haraka, hata msimamizi akiwa amesimama mlangoni: andika kilo, hesabu kwa mkono, kisha mtazame mtoto ujiulize kama mwili huu unaweza kuwa wa kilo hizo. Ukiwa na shaka mnyanyue. Mikono iliyobeba wadogo zako na watoto wa shangazi zako inajua kilo 10 zikoje.

Na pumzi uzihesabu dakika nzima. Hilo tulifundishwa zahanati, hatuna mashine, tuna saa ya ukutani: mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha 60 kwa dakika ana haraka, wa miezi 2 hadi 11 ni 50, wa mwaka 1 hadi 5 ni 40. Wanafunzi wenzangu walikuwa wakitazama namba ya oksijeni inayowaka kwenye kidole cha mtoto. Namba ni nzuri na mimi huitazama. Lakini ifunue fulana kwanza. Tazama ngozi inavyozama kati ya mbavu, tazama pua zinavyopanuka, tazama kichwa cha kichanga kinavyotikisika kwa kila pumzi. Mtoto anaweza kuishikilia ile namba kwa muda kwa kujitutumua, na ndiyo maana anachoka.

Mpangilio wa kumpima umegeuzwa kichwa chini ukilinganisha na wa mtu mzima. Mkubwa huanza naye kichwani ukashuka. Mtoto unaanza naye mlangoni, ukiwa bado hujaingia: rangi yake, anavyokaa, anavyomtazama aliyembeba. Ukimkuta amelala, usiseme hata hujambo, sikiliza moyo na mapafu hapo hapo, maana hiyo ni zawadi ya dakika mbili na haitarudi. Tumbo lipapase akinyonya. Masikio na koo viwe vya mwisho, kwa sababu baada ya hivyo urafiki umekwisha. Aliye chini ya miaka mitatu vuta sikio lake chini na nyuma, tofauti na mkubwa unayemvuta juu. Na ukiona kiwambo ni chekundu usikimbilie antibiotiki: mtoto aliyelia kiwambo chake huwa chekundu kama mashavu yake. Unachotafuta ni kiwambo kilichofura kwa usaha nyuma yake. Niliuona wekundu mara nyingi kabla sijauona mfuro, na siku nilipouona nilielewa kwa nini mwalimu alikuwa akinizuia kalamu.

Kuhusu kukojolewa, kubali. Weka blauzi ya akiba kwenye droo. Mtoto wa kiume ukimfungua pampasi, baridi ikimpiga, atafanya analotaka, na mkojo wenye nguvu unaotoka moja kwa moja ni habari njema kwa figo zake na mrija wake. Uandike kwenye faili kwa furaha.

Sasa ngozi. Hapa nakuomba ukae zaidi, maana vitabu vyenyewe havikai. Picha nyingi za kitabu nilichosomea zilikuwa za watoto weupe: upele mwekundu, manjano usoni, michubuko ya zambarau. Ukurutu wa mtoto mweusi mara nyingi hauwi mwekundu, huwa wa kijivu au wa zambarau iliyokolea, na ngozi hukwaruza kama karatasi ya msasa hata kabla macho hayajaona kitu. Ngozi hiyo uitafute kwa vidole. Manjano ya kichanga cheusi itafute kwenye weupe wa jicho, kwenye fizi, kwenye nyayo, na bado usijiamini, mpime damu. Kisha kuna lile baka la bluu matakoni na mgongoni ambalo kila bibi wa kwetu amelizoea. Nikiwa mwanafunzi, kliniki moja, niliingia chumbani nikamkuta mwenzangu amesimama kimya mbele ya kichanga cha Kikongo. Alikuwa ameona madoa ya bluu-kijivu kutoka kiuno hadi paja, na mkono wake ulikuwa tayari karibu na simu. Kwa sheria ya Texas ukishuku mtoto amepigwa ni lazima uripoti, na sheria hiyo ni njema. Nilimwomba aminye doa kwa kidole. Michubuko huuma. Mtoto akaendelea kunyonya. Mama, aliyekuwa hajaelewa hata neno moja, akacheka akasema kwa Kiswahili cha Kivu kwamba hata mukubwa wake alizaliwa nayo, itaisha. Tuliyachora madoa yote kwenye faili, upana na mahali, tukaandika tarehe. Tangu hapo ni amri yangu kwa kila mwanafunzi: baka la bluu liandikwe siku ya kwanza ya maisha ya mtoto, ili asije mtu miezi sita baadaye akaivunja familia kwa jambo alilozaliwa nalo mtoto wao.

Jifunze pia maneno ya mama, hata kama unadhani unayajua. Mimi nilidhani nazungumza Kiswahili mpaka nilipoambiwa mutoto anagonjwa na bado nikahitaji sekunde mbili. Mama wa Kitanzania akikwambia mtoto alipata degedege, anaweza kuwa anaeleza kifafa cha homa kilichopita kwa dakika moja, na anaweza kuwa anaeleza malaria ya ubongo iliyomfikisha nusu kaburini. Muulize siku, saa, macho yalitazama wapi, alilala kwa muda gani baadaye. Ukimtazama koo mtoto wa miaka mitano ukakuta kimeo hakipo, usiite wenzako waje kushangaa: kilikatwa kijijini kwa sababu alikohoa sana. Ukikuta pengo mahali pa jino la chonge, uliza kwa upole kama aling'olewa meno ya plastiki akiwa mchanga. Asiulizwe kama mshitakiwa. Aliyempeleka mtoto wake kung'olewa alikuwa anamwona anakufa kwa kuhara, na hakuna aliyemweleza kwamba ile ncha nyeupe kwenye fizi ni jino la kawaida linalosubiri zamu.

Asali usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata tone la kulainisha sauti, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ndani ya utumbo wake mchanga. Hilo hueleweka haraka. La wanja halieleweki haraka, na hapo utahitaji adabu yako yote.

Bibi mmoja wa Lamu alikuja kumsaidia bintiye aliyejifungua. Mjukuu alikuwa na miezi mitano, nyusi zimekolezwa wanja, na doa jeusi juu ya paji la uso kumkinga na kijicho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hajambo mtoto?"

"Hajambo, ananenepa. Bibi, wanja huu umetoka nyumbani?"

"Nyumbani kabisa. Si huu wenu wa dukani."

Nikamweleza kwamba wanja mwingine wa kusagwa una risasi ndani yake.

"Risasi? Ya bunduki?"

"Madini hayo hayo, bibi. Mtoto anajipangusa jicho, anatia kidole mdomoni, risasi inaingia kwenye damu na kwenye akili. Haimwagi damu, lakini inamchelewesha kusoma."

Alinyamaza kwa muda, akamtazama mjukuu. "Basi nitampaka unyayoni, chini, kusikoonekana." Mjukuu, kama aliyesikia, akaushika mguu wake akautia kinywani. Tukacheka wote watatu. Bibi ndiye aliyepata dawa: angemshonea doa. Wanawake wa Lamu wana mikono ya kudarizi kofia, na mtoto aliporudi kwa chanjo za miezi sita alikuwa amevaa kofia nyeupe yenye duara dogo la uzi mweusi mbele kabisa. Uso wake ulikuwa safi. Kipimo cha kwanza cha risasi kilikuwa juu kidogo ya kiwango cha 3.5 ambacho Marekani inakitumia tangu 2021, na cha pili kilishuka chini yake. Ningemkemea bibi yule siku ile, wanja ungehamia mahali ambapo nisingeuona.

Lakini usitumie mila kujificha. Kuna uchunguzi wa usonji wa miezi 18 na 24, maswali 20 anayojibu mzazi. Mtoto anakuonyesha kitu kwa kidole ili nawe ukione? Anakutazama machoni? Nimewasikia wauguzi wa kwetu wakiwatetea watoto kwamba Mswahili hamkazii mkubwa macho na hanyooshei watu kidole. Mtoto wa miezi 18 hajafundishwa adabu hiyo bado. Ukimtetea kwa mila unamnyima miaka miwili ya msaada, na hiyo ni miaka ambayo ubongo wake unasikia zaidi kuliko utakavyosikia tena. Jaza fomu kwa uaminifu, umpeleke anakotakiwa, na ukae na mama anapolia.

Na mama mwenyewe ni mgonjwa wako, hata kama jina lake halimo kwenye faili. Katika miezi sita ya kwanza utampa fomu ya maswali 10 ya kupima huzuni baada ya kujifungua. Usimpe akajaze peke yake kona ya chumba. Kwetu pwani mama hukaa ndani siku arobaini, akakandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, mtoto akibebwa na mikono saba. Hapa sheria ya 1993 humpa wiki 12 za likizo bila malipo, na wengi sheria hiyo haiwafikii, kwa hiyo nimewaona mama wa wiki tatu wakija moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Kitabuni ugonjwa huo unaitwa sonona, lakini sijawahi kusikia mama akilitamka neno hilo. Atakwambia mawazo yamemzidi. Atakwambia roho nzito. Ukisikia "mawazo", weka kalamu chini, funga mlango, na swali la kumi, linalouliza kama amefikiria kujidhuru, liulize wewe mwenyewe kwa mdomo wako, kwa Kiswahili, ukimtazama.

Chanjo nitazipitia kwa kifupi, ingawa zitakula saa zako nyingi. Surua ilitangazwa kwamba imetokomezwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2025 ililipuka Texas Magharibi, na watoto wawili wa jimbo hili wakafa. Mzazi anayesita usimrushie vipeperushi. Muulize anaogopa nini hasa, ngoja jibu, kisha mwambie uliyoyaona. Mimi huwaambia habari za zahanati ya Korogwe na macho ya mtoto mmoja aliyeugua surua. Wakati mwingine bibi aliyeketi kwenye kiti cha pembeni hunisaidia, kwa kuwa yeye hahitaji kuelezwa surua ni kitu gani.

Mtihani wa mwisho wa ubingwa una maswali 175 kwa saa tatu, na 150 tu ndiyo yanayohesabiwa, lakini hutaambiwa ni yapi, kwa hiyo yote yajibu kana kwamba mtoto yuko mbele yako. Ukifaulu, soma sheria ya jimbo lako. Katika zaidi ya nusu ya majimbo utafanya kazi kwa leseni yako mwenyewe. Texas utahitaji mkataba na daktari ili uandike dawa. Tafuta daktari anayepokea simu.

Simu nayo ina somo lake. Jioni moja, kliniki ikikaribia kufungwa, alipiga mama wa kichanga cha siku 19. Hakuwa na malalamiko. Aliomba radhi mara mbili kwa kunisumbua, akasema mtoto hanyonyi kama jana. Basi, hilo tu. Nilimwomba ampime joto kwa njia ya haja kubwa huku nikiwa naye kwenye simu: 38.1. Kwa mtoto wa miaka minne ningemwambia ampe maji, alale. Kwa kichanga cha chini ya siku 28, nyuzi 38 ni idara ya dharura sasa hivi, hata kama anatabasamu, hata kama mvua inanyesha, na wewe unawapigia wa dharura kabla mama hajafika ili wamsubiri mlangoni. Usimwambie asubiri asubuhi. Usimpe dawa ya kushusha homa ili tuone. Walimtoa damu, mkojo na maji ya uti wa mgongo, wakampa antibiotiki za mshipani usiku ule ule. Bakteria walikuwa kwenye mkojo na wamekwisha kuanza kuingia kwenye damu.

Mwaka huu msichana yule ametimiza miaka minne. Alikuja kwa uchunguzi wake wa mwaka, akapanda kitandani bila kusaidiwa, akanyoosha mkono nimpe dubu na taa. Akamtazama sikio la kushoto, kisha la kulia, muda mrefu, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo. Akaniambia la kulia ni jekundu.

Nikamuuliza kama dubu alikuwa amelia.

Alifikiri. Akasema ndiyo, alilia sana.

Basi hatukumwandikia dawa.